Miraa kwenye Akaunti ya Kanisa

Barua ya tatu iliingia Jumanne alasiri, Mugambi akiwa anapiga pasi shati ambalo alikuwa ameshalipiga pasi asubuhi. Aliacha pasi juu ya shati, akasoma simu, akaisoma tena, na moshi ukaanza. Mimi ndiye niliyeinyanyua ile pasi. Yeye alikuwa ameshafika dirishani, anatazama kituo cha tramu cha Kensington, utadhani kuna mtu anashuka pale kuja kumwomba radhi.

"Wamekataa tena," akasema. "Third time. Na hii wanasema ni final warning."

Ngoja nieleze mimi, maana mume wangu akieleza jambo huanzia katikati na kuishia kwenye hasira. Mugambi ni Mmeru wa Igembe, kule milima ya Nyambene, na baba yake analima miraa kama walivyolima babu zake. Miraa ni zao lisilo na subira. Ikichumwa alfajiri isipopata gari asubuhi hiyo, kesho yake imenyauka na hakuna mtafunaji atakayeigusa. Basi wakulima hukaa kituoni na mabunda yao yaliyofungwa kwa majani ya migomba, wanaulizana gari liko wapi, wanampigia dereva asiyepokea, na siku nyingine gari halipiti kabisa, mbuzi ndio wanaofaidi. Mugambi kazi yake hapa Sydney ni kuandika programu za kufuatilia makontena kule bandari ya Port Botany. Kwa miezi minane, kila Jumapili baada ya ibada, alikaa akitengeneza app ya kumwonyesha baba yake gari lilipo. Hiyo tu. Ramani ndogo, gari, na dakika zilizobaki. Akaipa jina Miraa.

Duka la app likakataa. Mimi ni nesi, mambo ya kompyuta si yangu, lakini zile barua nazijua kwa moyo kwa sababu alinisomea hata nikiwa bafuni. Sheria za duka lile zilisema kwamba jina la app, picha yake na maelezo yake visitaje wala kusifu dawa za kulevya. Miraa ni marufuku Australia. Kwa hiyo jina litoke. Mugambi akawajibu kwamba kwao ni zao halali, linalimwa mchana kweupe na watu wanaokwenda kanisani. Wakamjibu kwa adabu, maneno yale yale. Akabadilisha ikawa Miraa ya Nyambene, kama vile shida yao ilikuwa anwani. Ndipo ikaja hii ya Jumanne: akituma jina lile tena, akaunti itafungwa pamoja na kila app iliyomo ndani yake, na mwenye akaunti hataruhusiwa kufungua nyingine.

"Si ubadilishe jina?" nikamwambia. "Iite Gari. Iite Mbuzi."

"Siwezi."

"Kwa nini huwezi?"

Akahamia dirisha la pili. "Nimeshamwambia Baba iko tayari. Jumamosi saa nne wazee wote wanakutana kituoni, kila mtu na simu yake. Nimewaambia watafute Miraa."

Nilitaka kumpiga na lile shati lililoungua. Sikumpiga. Nilimwambia kuna chakula jikoni, nikaenda kulala dakika ishirini kabla ya kazi, na ndani ya hizo dakika ishirini nilimsikia akifungua na kufunga kabati moja mara nne.

Jambo la pili nililijua kesho yake, na sikulijua kutoka kwake. Nilikuwa kazini, nimetoka kumgeuza bibi mmoja wa Kigiriki kwenye kitanda chake, simu ikalia. Alikuwa Papa Vénérand. Huyu ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Waswahili Wakristo, Mkongo wa Bukavu, anapakia bidhaa kwenye ghala moja Smithfield na hajawahi kuchelewa mahali popote. Jumuiya yetu wengi ni Wakongo, sisi Wakenya tuko wachache, tunasali kwenye ukumbi wa shule tunaoukodi.

"Maman Peninah," akasema, "mi nakuuliza kintu kimoja tu. Tangu lini jumuiya yetu inauzisha drogue?"

Nikatoka kwenye korido. "Papa, unasema nini?"

"Barua iko hapa, kwa email yangu. Mutoto wangu Gloire amenisomea. Inasema illegal drugs, inasema account ya jumuiya itafungwa. Gloire anacheka. Mi siko nacheka."

Hapo nikaelewa, na nusu nikae chini pale pale. Miaka mitatu iliyopita Mugambi aliitengenezea jumuiya app: matangazo ya misiba, nani amelazwa, nani anahitaji lifti, nyimbo za Jumapili. Akaunti ilifunguliwa kwa jina la jumuiya, na barua pepe ni ya mwenyekiti; barua mbili za kwanza zilikuja kwa Mugambi tu kama fundi, hii ya onyo la mwisho ikaenda na kwa mwenye akaunti. Sasa sisi watu wa huku tuna tabia moja. Tukishapata karatasi moja iliyosajiliwa, hiyo hiyo tunaibebesha kila kitu. Usajili ule wa jumuiya umekodi ukumbi, umekodi mabasi ya pikiniki, umekodi viti vya harusi za watu ambao hata kanisani hawaji. Mume wangu hakuona kosa lolote. Akaunti si ilikuwepo? Akaichomeka miraa ya baba yake humo, katikati ya nyimbo na misiba. Kama duka lingekubali, mtu yeyote duniani angeona neno Miraa, na chini yake, kwa herufi nzuri, Jumuiya ya Waswahili Wakristo.

Nilicheka, sitasema uongo. Nilicheka mpaka msimamizi akachungulia. Kisha nikamkumbuka mama Chibalonza. Mwezi uliopita alianguka kwenye kituo cha basi, na tangazo la kwenye app ile lilipeleka watu kumi na wanne hospitalini kabla mumewe hajaruhusiwa kutoka kazini. Kicheko kikaisha.

"Mi sielewe," Papa Vénérand akaendelea. "Ndugu Mugambi ni mutu wa mupango. Na baba yake eko na shamba ya chai. Hii miraa inatoka wapi?"

"Chai?" nikauliza.

"Ile chai ya baba yake. Alituambiaka tangu anafika hapa."

Nikamwambia tutaongea. Akasema atakuja Alhamisi, akitoka kazini, na akakata simu.

Nilifika nyumbani nikamkuta Mugambi amevuta friji katikati ya jikoni, anafagia nyuma yake. Sikuvua hata viatu.

"Chai, Mugambi?"

Hakuuliza chai gani. Aliegemeza ufagio ukutani, ukaanguka, akauacha.

Akanieleza. Alikuwa na wiki tatu tu nchini. Vijana aliopanga nao nyumba hapa Kensington walikuwa wamelitafuta neno miraa kwenye mtandao, wakakuta limeandikwa dawa ya kulevya, na tangu siku hiyo wakimpitishia chumvi mezani wanamwita cartel, mtu wa genge la dawa. Jumapili yake akaenda kanisani kwa mara ya kwanza. Mhubiri mgeni alihubiri juu ya vijana na dawa za kulevya, saa nzima. Baada ya ibada wakampa chai na mandazi, Papa Vénérand akaja kumsalimia, akamuuliza baba yake anafanya kazi gani.

"Nikaangalia kikombe," Mugambi akasema. "Nikasema chai."

"Halafu?"

"Halafu ikawa chai. Peni, mtu akishakuombea shamba lako la chai mbele ya kanisa zima, unamwambiaje?"

Miaka tisa! Na mimi ndani ya hiyo miaka tisa nina minne ya ndoa, sijui chochote, kwa sababu harusi ilifanyika nyumbani Kenya na hakuna mtu wa Sydney aliyekuja, na kila Jumapili ya mavuno nimekuwa zamu hospitalini. Hasira niliyoisikia sikuitegemea. Mimi ni Mkamba. Watu wa Mugambi walipokuja kubisha hodi kwetu Machakos, walimletea baba yangu, mzee Mbuvi, bunda la miraa limefungwa vizuri kwa majani ya mgomba, kwa sababu ndivyo Waigembe wanavyoomba mtoto wa mtu. Baba alilipokea kwa mikono miwili. Hakujua hata litafunwe upande gani, lakini alijua ameheshimiwa.

"Mimi niliombwa kwa miraa," nikamwambia. "Sikuombwa kwa majani ya chai. Mkataa kwao ni mtumwa, Mugambi."

"Sijakataa kwetu! Unadhani nang'ang'ania hilo jina kwa nini? Si ningeliondoa siku ya kwanza?"

Nikamtazama. Mtu mzima, na vumbi la friji kwenye nyusi. Nikaelewa alichokuwa anataka. Alitaka baba yake afungue simu mbele ya wazee wenzake aone zao lake limeandikwa na mwanawe, kwa herufi kubwa, ili ile miaka tisa ifutike bila mtu kujua kwamba iliwahi kuwepo. Nilimhurumia. Hasira haikuisha, lakini nilimhurumia.

Alhamisi saa kumi Papa Vénérand akabisha hodi, bado amevaa ile fulana ya kazi ya manjano inayomulika. Kutoka Smithfield hadi kwetu ni saa moja na nusu, treni kisha tramu, na hakulalamika. Alivua viatu mlangoni ingawa nilimwambia asivue. Nikamwekea chapati na maharagwe, kisha nikamletea chai, maana sikuwa na kinywaji kingine, na nilipoiweka mezani nilishindwa kumtazama mume wangu.

"Mi sikuje kugombana," Papa Vénérand akaanza. "Nilikuja kuuliza. Hii account iko ya jumuiya. Ikifungwa, mi nitasema nini ku bantu? Nitasema tumefungiwa juu ya drogue?"

"Papa, naitoa," Mugambi akasema. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti, hakukaa.

"Unaitoa lini?"

"After Saturday. Kuna appeal nimeandika. Wakinipa hadi Jumamosi tu..."

"Hapana."

"Papa, siku mbili tu."

"Mugambi, mutoto wangu. Barua inasema mara moja tena, inaisha. Wewe unasema siku mbili. Mama Chibalonza bado eko hospitali."

Na hapo, pale mezani kati ya chapati na vikombe, simu ya Mugambi ikaanza kulia. Baba. Kule kwao ilikuwa saa tatu asubuhi. Mugambi akaigeuza uso chini.

"Ni nani?" Papa Vénérand akauliza.

"Ni Baba. Nitampigia baadaye."

"Baba yako anapiga, mi niko hapa, na unamuacha? Hata simusalimie? Pokea."

Hakuna namna ya kukataa jambo hilo. Mzee yuko nyumbani kwako, mzee mwingine anapiga simu, wasalimiane. Hata angekuwa amekuja kukushtaki, kwanza wasalimiane. Mugambi akapokea, akaisimamisha simu kwenye chupa ya maji.

Baba mkwe alitokea na kofia yake ya sufu, uso karibu sana na simu kama kawaida yake. Nyuma yake kulikuwa na miti ya miraa, ile mizee yenye mashina meusi, na mtu amepanda juu anachuma. Akasema, "Mugambi, hawa wazee wananiuliza kama..." lakini Papa Vénérand alikuwa ameshainama mbele.

"Mzee! Jambo sana! Mi naitwa Vénérand, niko muzee wa kanisa ya mutoto wako."

"Aa, karibu, mzee, karibu! Habari ya huko?"

"Muzuri sana. Watu wa nyumba?"

"Wazima kabisa."

"Mvua iko?"

"Iko, tunashukuru."

Walisalimiana vile wazee wanavyosalimiana, bila haraka, hadi wakamaliza afya za watu wawajuao na wasiowajua. Mimi nilikuwa nimeanza kupumua. Kisha Papa Vénérand, kwa uzuri wote wa moyo wake, akauliza.

"Na chai, mzee? Chai inaendelea?"

Nilimwona baba mkwe macho yakihama kutoka kwa Papa Vénérand kwenda pembeni ya kioo, pale alipoweza kumwona mwanawe. Huyu ni mzee aliyewahi kumwambia chifu mbele ya baraza zima kwamba ni mwizi, na akakaa chini akangoja askari. Sijawahi kumwona akitafuta neno. Yule mtu wa mtini alishuka akapita nyuma yake na konzi ya miraa mkononi, wote tukaiona.

"Chai inaendelea," akasema polepole. "Mvua imetusaidia. Tunachuma."

"Mungu asifiwe," Papa Vénérand akasema.

Alikuwa hajaambiwa lolote, hajapangwa, hajaulizwa kama anakubali. Alimwona tu mwanawe amesimama nyuma ya mgeni na uso ule, akajua, akaubeba uongo wake.

"Baba, wacha," Mugambi akasema.

"Mugambi, niache niongee na mzee."

"Hapana, Baba. Wacha." Alizunguka kiti, akainama mbele ya simu, bega kwa bega na Papa Vénérand. "Papa, baba yangu hana chai. Hajawahi kupanda chai. Ni miraa. Ile ya kwenye barua ndiyo hiyo, iko hapo nyuma yake, angalia. Ndiyo ilinileta chuo hapa. Nilikudanganya siku ya kwanza, nikakudanganya kila mwaka. Yeye hakujua kitu. Amesema chai kwa sababu yangu."

Kisha baba mkwe akaongea, na sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Nilikuwa nimeshakubali chai, Mugambi. Ungeniacha na chai yangu. Sasa umenifanya mwongo mbele ya mzee mwenzangu."

Simu ikakatika.

Mugambi akabaki ameinama vile vile, anatazama kioo. Papa Vénérand alikikoroga kikombe chake ambacho sukari ilikuwa imeyeyuka zamani.

"Mi baba yangu," Papa Vénérand akasema mwishowe, "alikuwa anakata quinquina. Kule kwetu, juu ya milima. Munabandua ngozi ya ule muti, munaipeleka ku usine, wanatengeneza kinini ya malaria. Wazungu walikuja kumupiga photo, wakasema uyu ni mulimaji wa dawa. Baba yako wanamuita jina ingine. Bote bawili balikuwa banakata miti juu batoto basome."

Mugambi akainua kichwa. Nadhani alidhani amesamehewa.

"Lakini account ya jumuiya, hapana," Papa Vénérand akasema. "Itoke sasa, mi nikiwa hapa."

Mugambi akaleta kompyuta, akakaa, akaitoa. Dakika tatu, basi, miezi minane ya Jumapili. Papa Vénérand alisubiri hadi aone kwa macho yake, akamaliza chai yake yote, akavaa viatu. Mlangoni akageuka.

"Miaka kenda, Mugambi," akasema. "Kila siku ya mavuno. Mi nilikuwa naombea ile chai."

Akaenda zake. Hilo ndilo lililomwangusha mume wangu, kuliko barua zote tatu.

Jioni hiyo hiyo alifungua akaunti mpya, ya kwake mwenyewe. Duka lilitaka jina lake halisi kama lilivyo kwenye pasi ya kusafiria, kwa sababu ndilo litakaloonekana chini ya app. Akaandika Mugambi Kaberia, na Kaberia ndiye baba yake. App akaiita Gari Liko Wapi. Akaondoa picha ya bunda akaweka ya gari, kisha akaanza kulitafuta lile neno kila ukurasa na kulifuta. Lilikuwa mahali kumi na moja. Nilikaa naye. Kila akilifuta moja alikuwa ananitazama, na mimi nilikuwa namwambia endelea.

Ijumaa ilikuwa siku mbaya. Alimpigia baba yake mara sita. Mara tano haikupokelewa, ya sita akapokea mama yake, akasema mzee yuko shambani, ingawa tulimsikia akikohoa. Mugambi akaenda dukani kununua maziwa, akarudi bila maziwa. Akaenda tena, akarudi na sabuni. Akasogeza friji. Nilimwambia akiisogeza tena ile friji nitahamia kwa Papa Vénérand, yeye abaki ameioa hiyo friji. Hakucheka. Nami sikuwa natania sana.

Jumamosi saa nane na dakika arobaini mchana duka likajibu. Wamekubali. Nilipiga vigelegele, vya peke yangu, jirani akagonga ukuta.

"Sasa nimtumie Baba ujumbe tu?" Mugambi akauliza. "Niandike nini?"

"Usiandike. Mrekodie sauti yako. Sema ukweli wote, ukimaliza usijitetee."

Akaingia chumbani akafunga mlango, lakini ukuta wa nyumba hii ni karatasi, nikasikia. Alisema, "Baba, app imetoka. Jina la miraa nimeliondoa, wamelikataa. Sikuliondoa kwa aibu. Aibu nilikuwa nayo kabla, Baba. Nilikuwa nayo miaka tisa, wewe ukinilipia shule na jembe lako, mimi huku nasema chai. Wewe hukuwa na kosa hata moja." Kisha akasema, "Waambie wazee watafute Gari Liko Wapi." Akatuma.

Wazee walikuwa wakutane saa nne yao, saa kumi na moja jioni yetu. Ilipofika saa kumi na moja alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, mahali panapoonyesha simu ngapi zimeipakua ile app. Ilikuwa moja, yake. Saa kumi na moja na robo ikawa nne. Nikaacha kupika nikaja kusimama nyuma yake. Kumi na moja. Kumi na tisa. Ishirini na sita. Watu walikuwa wanaifungua, lakini simu yake ilikuwa pale mezani, kimya.

Iliyolia ni yangu.

"Peni," baba mkwe akasema. Nyuma yake kulikuwa na makelele ya watu.

"Ee, Baba."

Mugambi alikuwa ameshasimama. Nikaweka sauti ya nje.

"Yule mzee wa kanisa, Mkongo. Ana simu?"

"Anayo, Baba."

"Nitumie namba yake."

Mugambi alinishika mkono wa nguo. Nikamwondoa. "Baba, Mugambi yuko hapa. Nimpe?"

"Sijamuuliza Mugambi." Nikamsikia akisogea mbali na watu. "Nilimdanganya mtu mzima mwenzangu kwa mdomo wangu huu. Mtoto hawezi kuungama kwa niaba yangu. Nitampigia nimwambie mwenyewe mimi ni nani na nalima nini, na kama ana neno juu yangu aniambie mimi."

"Nitakutumia sasa hivi, Baba."

"Sawa."

Nilijua anataka kukata. Sikuweza kumwacha akate. "Na Mugambi, Baba? Nimwambie nini?"

Mtu alimwita kwa Kimeru, akamwambia angoje.

"Mwambie simu inasema gari limetoka Laare," akasema. "Dakika kumi na mbili. Mwambie nikishapakia miraa yangu, nitampigia."

Mume wangu alikuwa amesikia kila neno. Alikaa chini pale pale sakafuni, akalia kwa sauti, na mimi nikazima jiko nikakaa naye, tukazisubiri zile dakika.